Kasa anayeelea upande

Kasa mgonjwa akifika mikononi mwangu, na kama bado ana nguvu za kuinua kichwa, kitu cha kwanza ninachotaka kuona ni jinsi anavyokaa majini. Stetoskopu ninayo, lakini gamba ni nene na sauti nyingi hufia humo humo. Kasa mzima hulala sawasawa juu ya maji, na akitaka kuzama anazama. Akiwa ameinamia upande mmoja, au sehemu ya nyuma imenyanyuka na kila akijaribu kupiga mbizi anarudi juu, nashuku mapafu au matumbo kabla ya kitu kingine chochote.

Sababu ni mahali mapafu yalipo. Yameshikamana na upande wa ndani wa gamba la mgongo, kushoto na kulia kwa uti, na yanaenda nyuma mbali kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo yana kazi mbili: kumpa mnyama pumzi na kumsawazisha majini. Kasa wa kijani anayekwenda kupumzika kwenye kina kirefu zaidi huondoka juu na hewa nyingi zaidi, kwa kuwa shinikizo la maji litaibana hewa hiyo, naye anataka akifika chini asielee wala asididimie.

Kupumua kwenyewe ni kazi ya misuli ya tumbo, mabega na nyonga. Mbavu zimeungana na gamba, hazipanuki, na kiwambo kama chetu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hana. Ukimtazama akiwa nchi kavu utaona shingo na mapezi yakicheza kidogo kwa kila pumzi. Huanza kwa kutoa: hewa chafu hufyatuka kwa mkupuo, kisha huvuta mpya upesi, na ndani ya sekunde chache kazi imekwisha. Pumzi hiyo moja hubadilisha sehemu kubwa ya hewa iliyomo mapafuni. Lakini kwa kukosa kiwambo, hawezi kukohoa kwa nguvu. Maji ya bahari au usaha ukishaingia chini hubaki huko, na nimonia huanza polepole, mara nyingi bila dalili ya wazi isipokuwa ule mkao wa ajabu majini.

Hata hivyo, si kila anayeelea vibaya ana nimonia, na hunikera kuona dawa zikianza kabla ya picha. Pafu lililopasuka humwaga hewa ndani ya mwili chini ya gamba. Utumbo ulioziba kwa plastiki hujaa gesi. Gamba lililopigwa na boti laweza kuumiza neva za nyuma. Kasa wa kijani wenye uvimbe wa ngozi unaoletwa na virusi wanaweza kuwa na uvimbe huo huo ndani ya mapafu. Eksirei ndiyo huamua, na picha ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kutoka mbele, mionzi ikipita kichwani kuelekea mkiani: mapafu mawili yanaonekana bega kwa bega, na lililougua halijifichi.

Kuna swali ambalo wavuvi huniuliza, nalo ni zuri. Duvi, aina nyingine ya kasa, anayepitisha majira ya baridi katika Mediterania amewahi kurekodiwa akikaa chini zaidi ya saa 10 bila kupumua. Noa, yule mkubwa mwenye mgongo wa ngozi, amewahi kurekodiwa akipita mita 1,200 kwenda chini, akitegemea zaidi oksijeni iliyo katika damu na misuli kuliko iliyo mapafuni. Iweje basi kasa afe katika wavu wa kukokota baada ya saa moja tu?

Duvi wa baridi amelala. Mwili umepoa, moyo unapiga kwa nadra, oksijeni inatumika kidogo kidogo. Wa wavuni anapigana. Akiba inakwisha haraka, misuli inamwaga asidi katika damu, na hata akitolewa hai, asidi hiyo yaweza kuchukua hadi saa 20 kurudi kiwango cha kawaida. Akirushwa baharini mara moja, anakwenda mbizini akiwa tayari amefilisika.

Tena kuna jambo ambalo kwa miaka mingi tuliamini haliwezekani. Mwaka 2014 watafiti wa Valencia, Hispania, walieleza ugonjwa wa wapiga mbizi kwa duvi walionaswa na nyavu za kukokota na jarife: viputo vya gesi ndani ya mishipa na viungo. Wengine walipanda wakionekana wazima kabisa. Kwa kawaida mshipa unaopeleka damu mapafuni una msuli wa kuubana, hivyo akiwa chini damu kidogo tu hukutana na hewa iliyoshinikizwa. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba hofu na kupigana huulegeza ule msuli, nitrojeni ya hewa hiyo ikapita na kuingia damuni. Waliotibiwa katika chemba ya shinikizo walipata nafuu.

Kwa hiyo aliyezirai sitahani, mlaze kifudifudi, inua sehemu ya nyuma angalau sentimita 15 ili maji yatoke mapafuni, mweke kivulini na umfunike kitambaa chenye unyevu. Usimlaze chali, usimkanyage kifuani, usimtie ndani ya beseni la maji. Mpe kati ya saa 4 na 24. Wapo wanaozinduka baada ya nahodha kukata tamaa.

Akifika kwetu na nimonia, tunahesabu wiki, mara nyingi miezi. Tangi huwekwa joto linalomfaa, kwani kasa aliyepoa hapambani na vijidudu, na dawa hutolewa kwa nafasi ndefu kwa sababu mwili wake huziondoa taratibu. Simwachii kwa kuwa anakula vizuri tu. Nasubiri picha ya mbele ionyeshe mapafu mawili yanayofanana, na yeye alale chini ya tangi kwa hiari yake.