Mshahara wa daktari wa usingizi: unatoka wapi, na unausomea miaka mingapi

Wanafunzi wa udaktari wakinijia kuuliza habari za ubingwa wa usingizi na ganzi, swali la fedha huwa la kwanza au la pili, na silioni kuwa swali baya. Mtu anayejiandaa kukaa masomoni zaidi ya miaka kumi ana haki ya kujua atakula nini. Shida ni kwamba tarakimu wanazokuja nazo kwenye simu zimetoka nchi moja, Marekani, na zimesomwa nusunusu.

Tuanze na hizohizo. Takwimu za ajira za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba daktari bingwa wa usingizi huko hupata wastani wa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, na kazi hii haikosi kuwa karibu na kilele cha orodha nzima ya kazi zinazolipa. Uingereza mambo ni mengine. Bingwa wa hospitali ya umma hulipwa kwa ngazi moja bila kujali fani yake. Kwa viwango vya England vya mwaka 2024, ngazi hiyo ilianzia pauni 105,504 na kuishia pauni 139,882, uwe unalaza watu usingizi au unatibu magonjwa ya akili. Anayemzidi mwenzake kipato humzidi kwa zamu za ziada na kazi za hospitali binafsi. Dawa ni zilezile, hatari ni ileile, lakini mifuko haifanani hata kidogo.

Mfumo wa Marekani unafaa kufafanuliwa kidogo, maana ndio unaoonyesha wazi fedha yetu inatoka wapi. Kila aina ya upasuaji imepewa pointi za msingi kulingana na ugumu wake kwa anayetoa usingizi. Mtoto wa jicho ni pointi 4. Kutoa kibofu cha nyongo kwa kamera ni 7. Kupandikiza mishipa ya moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu ni 18. Juu yake inaongezwa pointi moja kwa kila dakika 15 za kazi, kisha jumla inazidishwa kwa bei ya pointi. Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee, hulipa dola 20 hivi kwa pointi. Bima binafsi hulipa mara kadhaa ya hapo. Sasa piga hesabu: kibofu cha nyongo kilichochukua saa moja na nusu ni 7 jumlisha 6, pointi 13, sawa na dola 260 kama mgonjwa ni mzee wa Medicare. Mgonjwa wa chumba cha pili mwenye bima ya kampuni anaweza kuleta mara tatu yake kwa jasho lilelile. Wengi siku hizi wameajiriwa kwa mshahara na hawaoni ankara hizi kabisa, ila anayewaajiri anaziona, na mshahara anaoutaja mezani ameupata humo.

Ndani ya hesabu hiyo kuna kitu hakipo: mgonjwa wangu. Sina. Mgonjwa ni wa daktari mpasuaji, chumba ni cha hospitali, na mimi nafuata chumba kilipo. Daktari wa watoto anaweza kufungua kliniki akaweka kibao mlangoni. Mimi nikiweka kibao sipati mtu, kwa sababu hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naenda kulazwa usingizi. Chumba cha upasuaji kikisimama kwa kukosa wauguzi, au mashine ikiharibika, kipato changu kimesimama nacho. Mwaka 2020 jambo hili lilijitokeza waziwazi. Korona ilipoingia na upasuaji usio wa dharura ukasitishwa katika nchi nyingi, wenzetu wanaolipwa kwa kila mgonjwa walipungukiwa kipato wiki zilezile ambazo hospitali ziliwaita usiku na mchana kuweka mirija ya hewa kwa wagonjwa mahututi.

Ukilielewa hilo, hata habari za soko la ajira utazisoma tofauti. Utasikia kwamba dunia ina upungufu mkubwa wa madaktari wa usingizi, na ni kweli. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, WFSA, limeweka kiwango cha chini kuwa madaktari 5 kwa kila watu 100,000, na hesabu yake iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta nchi zaidi ya 70 ziko chini ya hapo, nyingine zikiwa hazifikii hata daktari mmoja kwa idadi hiyo ya watu. Miaka miwili kabla yake, tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikuwa imekadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikii huduma salama ya upasuaji na usingizi wanayoweza kuimudu. Kijana akisoma hayo anasema soko linanisubiri kwa mikono miwili.

Kazi ipo, tena sana. Katika fani za udaktari, hii ni mojawapo ambazo sijaona bingwa wake akikaa muda mrefu bila mahali pa kufanya kazi. Lakini upungufu peke yake haupandishi mshahara. Kinachoupandisha ni wingi wa upasuaji unaolipiwa. Mahali penye upungufu mkubwa kuliko kote mara nyingi ndipo penye vyumba vichache vya upasuaji, bima chache na bajeti isiyo na nafasi ya kuajiri. Basi bingwa mmoja anatafutwa na kila hospitali huku ikama ya kumlipa ikiwa haipo. Sisemi hivi kumvunja mtu moyo. Nasema asiweke mahitaji ya wagonjwa na uwezo wa mwajiri kwenye kapu moja.

Halafu kuna suala ambalo madaktari wenzangu hawapendi kulizungumza mbele ya wanafunzi: sehemu kubwa ya usingizi duniani haitolewi na madaktari. Inatolewa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, na wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri kuliko daktari aliyeikimbilia kwa ajili ya fedha. Marekani kwenyewe muuguzi wa usingizi hupata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka kwa masomo mafupi kuliko yetu, na tangu sheria ilipolegezwa mwaka 2001, zaidi ya majimbo 20 yameondoa sharti la kwamba lazima asimamiwe na daktari. Panapotakiwa msimamizi, daktari mmoja anaruhusiwa kusimamia hadi vyumba vinne kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu huko ndiko kazi inakoelekea: daktari atabaki na mgonjwa mgumu, atapanga, atasimamia, ataitwa mambo yakiharibika. Asiyependa kusimamia watu afikiri mara mbili.

Mashine je? Kila mwaka naulizwa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya Johnson & Johnson iitwayo Sedasys, iliyotengenezwa kutoa propofoli, dawa ya usingizi ya kudunga mshipani, kwa watu wazima wenye afya wanapopimwa utumbo kwa kamera, bila daktari wa usingizi kukaa chumbani. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa imeondolewa sokoni kwa kukosa wanunuzi. Sidai kwamba hakutakuja nyingine iliyo bora. Ila wanaotabiri kifo cha fani yetu wanadhani kazi ni kupima dozi. Dozi ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu naweza kuionyesha kwa mkono mmoja. Wiki ya kwanza ya ubingwa, kabla ya mrija wowote, mwanafunzi anafundishwa kushika barakoa ya oksijeni usoni mwa mtu aliyelala na asiyepumua. Kidole gumba na cha shahada vinazunguka juu ya barakoa. Vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya. Karibu kila anayeanza hufanya jambo lilelile: anakandamiza barakoa chini usoni ili hewa isivuje, na vidole vyake vinateleza kwenye nyama laini iliyo chini ya kidevu. Ulimi unasukumwa nyuma, njia ya hewa inaziba, mfuko wa kumpulizia hewa unakuwa mgumu, kifua hakipandi. Inatakiwa kinyume chake: vidole vikae kwenye mfupa, taya livutwe juu liifuate barakoa. Ukishalipata, mfuko unalainika ghafla mkononi na kioo cha barakoa kinaingia ukungu kila pumzi inapotoka. Huwezi kulisoma hili kitabuni. Na ukilikosa una muda mfupi sana: mtu mzima mwenye afya aliyevutishwa oksijeni vizuri kabla ya kulala anaweza kukupa hata dakika 8 kabla oksijeni haijashuka pabaya, asiyevutishwa hukupa kama dakika moja, mjamzito na mnene sana hukupa pungufu ya ulivyotarajia.

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Nchi nyingi zinaanza na shahada ya udaktari ya miaka 5 au 6, Marekani ni miaka 4 ya chuo na 4 mingine ya udaktari. Kisha mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha ubingwa wenyewe. Ubingwa huo ni miaka 4 Marekani, ukianza na mwaka mmoja wa tiba ya jumla. Uingereza ni miaka 2 ya msingi na mingine 7 ya usingizi. Kwingine ni 3 hadi 5. Mitihani inamshangaza mtu kwa wingi wa fizikia: sheria za gesi, jinsi dawa ya maji inavyogeuka mvuke na mvuke huo kupimwa, umeme, shinikizo ndani ya mirija. Aliyeingia udaktari kwa kuikimbia fizikia atakutana nayo tena hapa, na safari hii ina mgonjwa mwisho wa mrija.

Kipindi chote hicho unalipwa kidogo, au hulipwi, au unalipa wewe ada, kutegemea nchi. Unapolinganisha mshahara wa bingwa na wa mwenzako aliyesomea kitu cha miaka minne, toa kwanza miaka hiyo, toa na riba ya mkopo, ndipo ulinganishe. Pengo linabaki, lakini si lile la kwenye simu.

Kuhusu kuongeza ubobezi wa mwaka mmoja au miwili baada ya ubingwa: moyo, watoto, wajawazito, ganzi ya neva, maumivu sugu, wagonjwa mahututi. Kwa fedha tupu, si wote unaorudisha gharama. Usingizi wa watoto ni kazi nzuri mno na mara nyingi nyongeza yake ya mshahara haifanani na mwaka ulioupoteza. Tiba ya maumivu ndiyo inayobadilisha hesabu, kwa kuwa ndiyo pekee inayokupa wagonjwa wako mwenyewe, kliniki na kibao mlangoni. Chumba cha wagonjwa mahututi nacho kina sababu za kihistoria za kuwa chetu: mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alitoa mbinu za chumba cha upasuaji na kuzipeleka wodini, wanafunzi wa udaktari wakikaa zamu kwa zamu kuwapulizia wagonjwa hewa kwa mikono. Nchi nyingi bado zinamtaka mtu wetu huko, na hospitali ikikosa upasuaji, vitanda hivyo havikosi wagonjwa.

Gharama nyingine hazimo kwenye mikataba. Zamu za usiku haziishi na umri. Mgonjwa hatakumbuka jina lako. Hilo lizoee mapema. Na dawa tunazozishika kila siku, fentanili ya kuua maumivu na ile propofoli, zimeua wenzetu waliojidunga wenyewe. Ni hatari inayojulikana katika fani yetu, na mahali pa kazi pasipohesabu chupa wala kuwauliza watu hali zao ni mahali pabaya hata kama panalipa vizuri.

Kwa hiyo ukipewa barua ya ajira, usikimbilie tarakimu ya mshahara iliyoandikwa mwishoni. Uliza zamu ngapi kwa mwezi, na kesho yake baada ya zamu unapumzika au unaendelea. Uliza unasimamia vyumba vingapi kwa wakati mmoja, na nani anasaini kitu kikiharibika. Bima ya kushtakiwa analipa nani, na inakulinda hata baada ya kuondoka? Chumba cha upasuaji kisipofanya kazi mwezi mzima, unalipwa? Mwisho uliza kama kila chumba kina kapnografu, kile kifaa kinachosoma hewa chafu anayoitoa mgonjwa na kukuambia papo hapo kama mrija umekaa kwenye mapafu au umeingia tumboni. Wakikujibu kwamba kipo kimoja na huwa kinazungushwa vyumbani, waombe waandike kwenye mkataba tarehe ya kununua vingine, na usisaini kabla tarehe hiyo haijaandikwa.