Presi ya bei poa ya kujazia risasi za bastola: jicho lako ndio kituo cha nne

Vijana wawili wa hapa Columbus, Ohio, mmoja Mkongo mwingine wa kwetu Tanga, wameniuliza wiki hii kama inafaa wanunue ile presi ya bei rahisi ya kujazia risasi za bastola au wajichange kwanza wapate ya bei kubwa. Niliwajibu kwa simu lakini simu haikutosha, hii kitu inataka maelezo marefu, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Mimi kazi yangu ni fundi mashine, nachonga vyuma, na jumamosi nashindana shabaha, na risasi zangu za 9mm na .38 Special (aina mbili za risasi za bastola) najaza mwenyewe gereji huu mwaka wa kumi na moja.

La sheria kwanza, maana wanaosoma hapa sio wote wako Marekani. Hapa sheria ya shirikisho haikudai leseni ukijaza risasi za kupiga mwenyewe, ila ukianza kujaza za kuuza lazima uwe na leseni ya ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, wanaiita aina ya 06. Ukiwa Tanzania au Kenya usijaribu kabisa, kule kutengeneza risasi bila kibali ni kosa zito, Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015 na Kenya kuna sheria ya silaha, sura ya 114. Haya ninayoyasema ni ya hapa Ohio.

Haya sasa. Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba njano, fataki ile ndogo ya kwenye kitako (hapa praima), baruti ndani, na kichwa juu. Ukishapiga, ganda linabaki zima, na ndilo linalogharimu kuliko vyote vinne, ndio maana watu wanaokota na kujaza upya. Kwenye presi ya kawaida, ile ya dai moja (dai ni kifaa cha chuma kinachofanya hatua moja ya kazi kwenye ganda), unachukua maganda mia unayapitisha yote kwenye dai ya kwanza, unabadilisha dai unayapitisha tena yote, halafu tena. Presi ya mfululizo ina sahani inayozunguka na kila kituo kina dai yake, kwa hiyo kila ukivuta mkono wa presi mara moja kuna ganda linanyooshwa kituo cha kwanza, lingine linapokea baruti cha pili, lingine linawekewa kichwa cha tatu, na sahani ikishajaa kila mvuto mmoja unadondosha risasi moja kamili kwenye boksi. Mimi natoa kama mia mbili kwa saa na hapo sina haraka, na sitaki haraka.

Yangu ni ya vituo vitatu, fremu ya alumini, sahani inajizungusha yenyewe ukivuta mkono. Jina silitaji, sio lengo langu kumsifia wala kumchafua mtu. Nimeulizwa sana tofauti yake na za bei kubwa ni nini na watu wengi wanadhani ni uimara wa chuma. Chuma kinachangia kidogo, lakini kwa risasi za bastola nguvu inayotumika ni ndogo, alumini inatosha miaka na miaka ukiipaka mafuta na usipoilazimisha. Tofauti kubwa ni idadi ya vituo. Presi ya Dillon 550 ina vinne, Dillon XL750 ina vitano, na ukishakuwa na kituo cha ziada unaweza kufunga kifaa cha kukagua baruti, mfano kampuni ya RCBS wanayo dai ambayo ganda likija na baruti pungufu sana au iliyozidi sana inaigomesha presi, mkono hauendi. Kwenye vituo vitatu nafasi hiyo haipo. Cha kwanza kunyoosha na kutoa fataki ya zamani, cha pili baruti, cha tatu kichwa na kubana mdomo, basi vimekwisha. Kwa hiyo anayekagua baruti ni wewe, kwa macho, kila ganda, bila kuruka hata moja.

Na hapa ndio naomba mnielewe vizuri kwa sababu ndio sehemu inayovunja bastola na vidole vya watu. Kuna makosa mawili ya baruti. Moja ni ganda kukosa baruti: fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu lakini haina nguvu ya kukitoa, kinakwama humo, na ukipiga risasi ya pili nyuma yake mtutu unavimba au unapasuka. La pili ni ganda kupokea baruti mara mbili. Kwa .38 Special hili la pili ni baya zaidi kwa sababu ganda lake ni la 1898, enzi za baruti nyeusi iliyokuwa inajaza nafasi kubwa, leo ukiweka baruti ya kisasa inayowaka haraka inakaa chini kabisa kama sukari kwenye glasi ndefu, ukiweka mara mbili bado ganda linaonekana lina nafasi tele na mtu asiyeangalia hajui kitu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye presi ya vituo vitatu: kwenye jedwali za vipimo za watengenezaji wa baruti chagua baruti yenye ujazo mkubwa, ile ambayo kipimo chake halali kinavuka nusu ya ganda, ikija mara mbili inamwagika juu ya sahani na unaiona hata ukiwa umechoka. Vipimo vyenyewe siandiki hapa na usichukue vya mtu yeyote mtandaoni, chukua kwenye jedwali la mwenye baruti yake, anza na kipimo cha chini.

Nilichofanya kwenye yangu ni rahisi. Nimebandika kamba ya taa za LED ndani ya fremu, mwanga unashuka moja kwa moja ndani ya ganda linapotoka kituo cha pili. Halafu nimeishusha meza. Presi nyingi watu wanazifunga juu sana, unavuta ukiwa umekaa na ganda liko usawa wa kidevu, huoni ndani. Yangu nimeiweka chini kiasi kwamba nikisimama naangalia ndani ya ganda bila kuinama. Na mkono wangu wa kushoto una sheria moja tu: haushiki kichwa cha risasi mpaka jicho limeona baruti. Naona, ndio nachukua kichwa, naweka, navuta. Redio nazima, simu naiacha jikoni.

Mizani nayo ina mtego wake. Baruti inapimwa kwa greni, na greni 7000 ndio pauni moja. Mizani ya digitali ina kitufe cha kubadilisha gramu na greni na gramu moja ni greni 15.43, kwa hiyo ukikibonyeza bila kujua unaweza kuweka mara kumi na tano ya unachotaka. Kabla sijaanza naweka kile kijiwe cha kupimia chenye uzito unaojulikana, halafu namwaga vipimo kumi vya kwanza kutoka kwenye kipimio (kile chombo cha presi kinachomwaga baruti kwenye ganda) na kuvirudisha kwenye chupa kwa sababu kipimio kinahitaji kutulia kwanza, ndipo napima cha kumi na moja na kuendelea. Baada ya hapo kila risasi hamsini nasimama napima tena. Na mezani inakaa chupa moja tu ya baruti, ile ile inayotumika, ya pili haipandi mezani kamwe, maana ukichanganya hakuna namna ya kuzitenganisha wala kuzitambua kwa macho.

Fataki ndio kilio cha kila mwenye presi ya bei rahisi. Zinashuka zenyewe kwa uzito wake kwenye kimfereji cha plastiki, moja inasukumwa na zilizo nyuma yake. Zikiwa nyingi zinateremka vizuri kabisa. Zikibaki saba nane, za nyuma hazina uzito wa kusukuma, ya mbele inasimama kiubavu au inageuka miguu juu, na hapo mtu anavuta kwa nguvu kumbe anaiponda. Usisubiri zifike huko, mimi zikibaki kama kumi na tano naongeza. Kingine ni chembe za baruti zinazodondoka kwenye sahani, punje moja tu ikiingia chini ya fataki kwenye kimfereji foleni yote inasimama, kwa hiyo brashi ndogo ya rangi inakaa pembeni na napiga kila baada ya muda. Fataki inakaa wakati unaurudisha mkono juu, sio unapovuta chini, na inatakiwa uisikie mkononi, kama kifungo cha shati kinapoingia kwenye tundu lake. Ukisikia ugumu, acha. Ukiilazimisha inaweza kulipuka na nyingine ziko sentimita chache tu pale kwenye mfereji. Miwani ya usalama muda wote, na usome karatasi ya presi yako inaruhusu fataki za kampuni gani kwa sababu sio zote zinafanana ulaini.

Maganda unayookota uwanjani ni mchanganyiko wa kila kitu, yakague kabla hayajafika kwenye presi. .380 inafanana sana na 9mm ila ganda lake ni fupi, milimita 17 kwa 19, ikipita inaharibu mpangilio wote. Kuna ya chuma na ya alumini, hayo tupa. Kuna yenye tundu mbili ndogo ndani badala ya moja katikati, wanaita Berdan, hayo yanavunja pini ya kutolea fataki na ukiinunua pini mara mbili utakuwa na adabu ya kumulika tochi ndani. Ya jeshi yenye alama ya msalaba ndani ya duara, fataki yake imebanwa pembeni, na ukishaitoa ile ya zamani mpya haiingii mpaka uondoe ule ukingo. Na anayejaza .45 aangalie vitako, siku hizi yako maganda ya .45 yanayotumia fataki ndogo na yale ya fataki kubwa, yakichanganyika ni kukwama kila dakika tano.

Vumbi la maganda yaliyopigwa lina risasi, namaanisha madini yenyewe ya risasi, yanatoka kwenye fataki. Usafishaji naufanya nje, nanawa kwa sabuni na maji baridi kabla sijagusa chakula, gerejini hakuliwi wala hakunywewi, na wanangu hawaingii humo wakati wa kazi. Hilo sijadiliani na mtu.

Sasa kilichonifundisha yote haya. Mwaka wangu wa pili, shindano la jumamosi, sahani tano za chuma za kulenga, napiga ya tatu nikasikia "pf", sio mlio, kama mtu amefungua soda. Kidole kilishaanza kurudi kwenye kifyatulio, unajua ukiwa unakimbizana na saa mwili unaenda wenyewe, na yule ofisa wa uwanja nyuma yangu akapiga kelele "Stop!" Nikasimama. Tukafungua bastola, tukapitisha kijiti kwenye mtutu, kikagota katikati. Kichwa kilikuwa kimekaa humo. Mzee yule hakunifokea, aliniuliza tu taratibu, "Ulipokuwa unajaza, kuna mahali ulisimama?"

Nilisimama, ndio. Usiku ule fataki ilikwama, nikainyanyua sahani nikaikwamua, nikaizungusha kwa mkono kidogo ili irudi sawa, nikaendelea. Kumbe nilivyoizungusha kwa mkono ganda moja lililokuwa linaingia kituo cha pili likaruka moja kwa moja mpaka cha tatu, kavu, na mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira ya ile fataki sikuangalia ndani. Presi haikuwa na kosa lolote la kusahau, mimi ndiye niliyeingilia mzunguko wake halafu nikaendelea kana kwamba haujaguswa. Ukiuliza waliokwamisha kichwa kwenye mtutu wengi watakusimulia hivi hivi: kulikuwa na kusimama, kukwama, mlango kugongwa, mtoto kuita.

Tangu siku ile presi ikikwama kwa sababu yoyote ile, natoa maganda yote yaliyo kwenye sahani, yote matatu, hata lile ninaloapa kuwa liko sawa. Lenye baruti namwaga baruti kwenye chupa yake, lenye kichwa naliweka pembeni livunjwe. Sahani ikiwa tupu ndio naanza upya na ganda moja. Inakula dakika moja. Na mtu akinigongea mlango namaliza mvuto ulio mkononi, mkono unarudi juu kabisa, ndipo nafungua.

Kwa hiyo kijana wangu wa Tanga, nunua ya bei rahisi, sina wasiwasi nayo, ila wiki mbili za kwanza ijaze ganda moja moja, ganda moja tu kwenye sahani linapita vituo vyote vitatu mpaka linatoka, ndipo unaweka jingine. Utajua kila kituo kinasikikaje mkononi. Za kwanza kumi utoe mtutu kwenye bastola, bastola tupu, uzidondoshe kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) moja moja, inatakiwa iingie kwa uzito wake na itoke ukigeuza, na uzipime urefu kwa kalipa (kipimo cha taya mbili), 9mm isizidi milimita 29.69 na usishuke chini ya urefu uliopo kwenye jedwali la baruti yako maana kichwa kikizama sana presha inapanda vibaya.

Na zile risasi za usiku ule, zilikuwa zimebaki 180 na kitu kwenye boksi. Nilizivunja zote kwa ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa, jioni tatu mfululizo. Nilikuta nyingine moja haina baruti.