Meza za kulia za Italia za miaka ya 1950: dhana potofu na ukweli

Dhana: Meza isiyo na sahihi wala nembo ni feki.

Meza nyingi hazikuwahi kuwa na nembo. Sehemu kubwa ya samani hizi zilitoka kwenye karakana ndogo za Cantù, Lissone na Meda, kaskazini mwa Milano, na nyingine zilitengenezwa kwa oda ya nyumba moja tu. Nembo ya karatasi, kwa upande wake, hubandikwa kwa dakika moja.

Ipindue meza uitazame chini. Skurubu iliyokaa mahali pake miaka 70 huacha kivuli cheusi kwenye mbao. Ukikuta matundu yasiyo na kazi, huenda uso au miguu imewahi kubadilishwa. Skurubu za mfereji mmoja peke yake si ushahidi, maana hata leo zinauzwa dukani.

Jina la msanifu linahitaji karatasi: mchoro, ankara, au picha ya zamani ya chumba chenyewe. Vyeti vya kazi za Gio Ponti, msanifu wa Milano, hutolewa na Gio Ponti Archives. Michoro ya Carlo Mollino, msanifu wa Torino, imehifadhiwa Politecnico, chuo kikuu cha ufundi cha mji huo. Maneno "attribuito a" ("inahusishwa na") kwenye orodha ya mnada ni maoni ya muuzaji, basi. Mwaka 2005 meza ya Mollino iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 3.8, na tangu hapo kila mguu uliopinda unatafutiwa jina lake.

Dhana: Vinia ni ya meza za bei poa, meza ya maana ni mbao tupu.

Hapa ndipo meza nyingi zinapouawa, kwa msasa. Uso wa sentimita 200 kwa 100 ukiwa wa mbao nzima hutanuka na kusinyaa kila unyevu unapobadilika, na huweza kupinda au kupasuka. Ndiyo maana mafundi wa Brianza, eneo la miji ile mitatu, walibandika vinia, yaani utando mwembamba wa palisanda au mjozi, juu ya plaiwudi au vipande vilivyounganishwa. Waliifanya kwa makusudi.

Vinia hiyo mara nyingi haifiki milimita 1, na huenda imeshapigwa msasa mara mbili kabla haijakufikia. Mashine ya msasa huitoboa kwanza ukingoni, na kiraka cha pale hakijifichi.

Kabla ya kugusa kitu, ijue rangi yake ya juu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, uguse sehemu iliyofichika kwa sekunde 30. Ikinata, ni sheliki, rangi ya utomvu wa wadudu. Isiponata, jaribu thina: ikilainika ni laka ya nitro. Ikigoma yote, na inang'aa kwa unene kama kioo, kuna uwezekano mkubwa ni poliesta, iliyoenea Italia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Poliesta humeguka vipande kama glasi. Hujazwa kwa poliesta, haisuguliwi ikapona.

Dhana: Vinia iliyoinuka hurudi kwa pasi.

Hurudi ikiwa gundi ni ya ngozi na mifupa, ambayo joto huiamsha. Tumia pasi ya moto mdogo juu ya karatasi, kisha kandamiza kwa uzito saa 24. Gundi ya kiwandani ya yurea haiamki. Ingiza gundi mpya kwa sindano. Usiweke kitambaa kibichi chenye moto juu ya sheliki, utapata doa jeupe.

Dhana: Marumaru iliyopakwa dawa ya kuziba haidhuriki.

Dawa huzuia mafuta na divai kupenya. Limau na siki hazisubiri kupenya: zinaila kalsiamu kaboneti juu kwa juu, na alama ile hutoka kwa kung'arisha upya tu.

Dhana: Shaba ya miguuni lazima ing'ae.

Weka sumaku kwanza. Ikishika, ni chuma kilichopakwa shaba, na dawa ya kung'arishia itafikia chuma mapema.

Dhana: Meza kuukuu husafirishwa popote bila kibali.

Palisanda ya Brazili, *Dalbergia nigra*, iko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992. Ni jamaa wa mpingo wetu, ulioingia Kiambatisho cha II mwaka 2017. Meza ya palisanda hiyo ikivuka mpaka inahitaji cheti kwamba mbao ilipatikana kabla ya ulinzi huo wa 1992, na cheti huombwa kabla kreti haijapigwa misumari.