Hilo si pori, ni mahame

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ile picha: bonde la kaskazini mwa Uskoti, mto, majani, mlima kwa nyuma, na hakuna hata paa moja. Chini yake maneno yaleyale: "asili isiyoguswa na binadamu." Kazi yangu ni akiolojia ya mandhari, na mabonde hayo nayatembea kwa miguu. Nikaikuza picha kwenye simu. Matuta yale pale, mteremko wa kushoto.

Matuta ya kulima. Mkulima yeyote wa viazi angeyatambua. Jua likiwa chini, kivuli hujaa kwenye mifereji na shamba zima hujitokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Wagaeli, wenyeji wa huko wenye lugha yao, huyaita feannagan. Mvua haichongi kitu kama hicho.

Tazama na kijani chenyewe. Kilima chote ni kahawia, halafu unakuta kipande kimoja kimestawi: hapo mifugo ililala na samadi ikamwagwa karne kwa karne, na rutuba ile haijaisha. Fungua ramani. Majina mengi yanayoanza na Ach- yametokana na achadh, yaani shamba. Shamba la nani, kama hapakuwa na mtu? Kiswahili kina neno lake kamili kwa mahali kama hapa: mahame.

Kijiji cha Rosal, katika bonde la Strathnaver, Sutherland, kilizungushiwa boma. Ndani yake imebaki misingi ya nyumba ndefu, ambamo watu walikaa ncha ya juu na ng'ombe ncha ya chini, pamoja na matanuri ya kukaushia nafaka. Mwanaakiolojia Horace Fairhurst alichimba hapo mwaka 1962. Wenyeji waliondolewa kati ya 1814 na 1818 ili kondoo wa Cheviot wapate malisho. Katika uhamishaji ule boriti za paa zilichomwa ili mtu asirudi. Kwenye nchi yenye uhaba wa miti, boriti ilikuwa mali ya familia.

Kinachonikera zaidi ni jibu linalofuata: "Aa, Waingereza waliwafukuza baada ya vita vya Culloden." Hapana! Culloden, ambako jeshi la serikali lilizima uasi uliowashirikisha wengi wa kaskazini mwa Uskoti, ni Aprili 1746. Rosal ni karibu miaka 70 baadaye. Mwenye ardhi alikuwa Elizabeth, Kauntesi wa Sutherland, mzaliwa wa Edinburgh. Wakala wake, Patrick Sellar, alikuwa mwanasheria kutoka Moray, Mskoti vilevile, na sehemu ya bonde alilokuwa akiliondoa watu alishaikodi yeye mwenyewe kwa ufugaji. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816, akaachiwa huru. Fedha za Kiingereza zilikuwamo, maana mume wa Elizabeth alikuwa Mwingereza tajiri mno. Lakini ukiwatupia wageni jambo lote, unawafutia hesabu wakubwa wa nyumbani.

Wala hawakupakiwa wote melini kwenda Kanada. Mwanzoni wakubwa wengi walitaka wabaki: wasogezwe pwani, wapewe vishamba visivyotosha kula, wachome mwani ili majivu yake yauzwe viwandani. Mwaka 1803 Bunge lilipitisha sheria iliyopandisha gharama ya safari za kuhama, na wenye ardhi waliishabikia. Vita vya Napoleon vilipokwisha, bei ya majivu ikaporomoka. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1846, wengi wao wakageuka na kuanza kulipia nauli ili watu waende.

Kwa wanaodai kondoo ndio walioimaliza miti, niseme moja tu: misitu mingi ilitoweka maelfu ya miaka kabla ya hayo. Kondoo wa Cheviot hawahusiki na hilo.

Nami nina shaka zangu. Nikisimama juu ya msingi mmoja, mawe hayaniambii kama familia ile ilitolewa kwa nguvu au ilihama yenyewe miaka 30 kabla. Matuta ni magumu zaidi kuyapa tarehe, kwa sababu kila msimu jembe lilivuruga tabaka lililotangulia. Rosal ina nyaraka za kusaidia. Mahame mengi hayana. Kwenye ripoti ya mojawapo niliandika "wakazi walifukuzwa", nikafuta, nikaandika "makazi yaliachwa". Neno hilo la pili bado linaninyima usingizi.