Ukimshika kinda wa ndege, mama yake hamkatai

Tangu utotoni tunaambiwa usimguse kinda aliyeanguka, eti mama yake akinusa harufu ya mkono wa mtu anamtupa. Sio kweli jamani. Ndege ameshahangaika kuatamia na kulisha, haachi mtoto kwa sababu ya harufu yako, anafuata sauti yake na pale kilipo kiota.

Kwanza muangalie vizuri. Kama ni mwekundu, hana manyoya, macho yamefumba na tumbo limetuna, huyo muda wake bado, mchukue taratibu umrudishe kiotani, na kama kiota kimevunjika weka nyasi kavu kwenye kikapu kidogo chenye matundu ukining'inize pale pale halafu sogea mbali kabisa, maana ukisimama hapo mama haji. Ila kama ana manyoya, kamkia kafupi, anarukaruka chini, huyo anajifunza kuruka na wazazi wanamletea wadudu hapo hapo. Mwache, fungia paka tu, au mpandishe kichakani.

Na tafadhali usimmiminie maji wala maziwa mdomoni, tundu la pumzi liko pale nyuma ya ulimi, anapaliwa anakufia mkononi.