Mia Moja kwa Siku: Bei Ambayo Hatuiulizi Tunapochukua Vitu kwa Mkopo

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale barabara ya Luthuli, Nairobi, uulize bei ya televisheni. Muuzaji atakutajia bei, utamwambia apunguze, ataapa kwamba hapo hana faida hata kidogo, kisha atapunguza. Ukitoka na kujifanya unaelekea duka la pili atakuita urudi, na bei itashuka tena. Sasa mwambie kwamba huna pesa taslimu, ungependa kulipa polepole. Mabishano yanaishia hapo. Bei itakayoingia kwenye mkataba ni ile ya kwanza kabisa, au iliyo juu yake, na kuanzia hapo mazungumzo ni ya kitambulisho, malipo ya kwanza na kiasi utakachokuwa ukituma kila siku.

Hiyo ndiyo gharama ambayo wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa mikopo huwa hawajaihesabu. Riba wanaijua, angalau kwa kusikia. Wasichokijua ni kwamba kabla riba haijaanza kuhesabiwa walikwisha kuacha nguvu yao ya kubishana bei, na katika jiji hili nguvu hiyo humwokolea mnunuzi pesa nyingi kuliko punguzo lolote linalotangazwa mtandaoni.

Tuchukue mfano. Tuseme televisheni hiyo, baada ya kubishana vizuri, ungeipata kwa shilingi 24,000 taslimu. Kwa mkopo unaambiwa utoe 4,000 leo, halafu 100 kwa siku kwa mwaka mzima. Mia mara 365 ni 36,500. Ongeza zile 4,000 za kwanza, jumla ni 40,500. Umelipa 16,500 zaidi kwa kitu kilekile. Lakini tazama upande wa pili: ulikuwa na 4,000 tayari, kwa hiyo ulipungukiwa na 20,000. Ungeweka kando hiyo mia kila siku, siku ya 200 ungekuwa na pesa zote mkononi. Siku 165 zinazobaki unalipia kutosubiri tu. Na kwa kuwa deni linapungua kila unapotuma, ilhali wewe unalipa kana kwamba bado ni lile la siku ya kwanza, riba halisi ya mkopo wa aina hii inapita asilimia 100 kwa mwaka. Hakuna benki inayoweza kuandika kiwango hicho kwenye bango lake mjini, lakini kikigawanywa kwa siku hakuna anayekiona.

"Mia tu, dada yangu, hata sitaihisi." Sentensi hiyo tunaisikia mara nyingi mno. Na kweli, mia haihisiwi, kwa sababu mtu hailinganishi na bei ya televisheni. Anailinganisha na nauli ya kutoka Pipeline hadi mjini siku ya mvua, au na chai na chapati mbili za saa nne. Wauzaji wanalijua hili vizuri, ndiyo maana tangazo lina kiasi cha siku kwa herufi kubwa, na jumla, kama ipo, imeandikwa chini kwa herufi ambazo mtu hazioni bila miwani.

Si haki kuiweka mipango yote kwenye kapu moja. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa simu za mkopo, pamoja na Google mwaka 2020, mteja alitoa shilingi 1,000 kisha akalipa 20 kwa siku kwa miezi 9. Piga hesabu: ni kama 6,400 kwa jumla, na watu wengi waliokuwa na simu za vibonye wakaingia kwenye intaneti kwa njia hiyo. Kijana anayechukua simu ili apokee wateja wa boda boda kupitia programu ana sababu ya kukopa, maana kifaa kinajilipia. Swali letu si kama mkopo ni mbaya. Ni jumla ngapi, na kitu chenyewe kinaleta nini nyumbani.

Mambo yamekuwa magumu zaidi kwa sababu umbali umekwisha. Zamani ukitamani kitu ulipanda matatu, ukatembea kutoka Moi Avenue hadi Kamukunji, miguu ikauma, ukakumbuka karo. Ukikosa pesa ulirudi nyumbani. M-Pesa ilianza mwaka 2007, M-Shwari ikaja Novemba 2012 na mkopo ukaanza kupatikana bila kumwona karani, kisha Fuliza ikaingia mwaka 2019 na kumruhusu mtu alipe hata salio lisipotosha. Leo duka, mkopeshaji na pochi vinakaa ndani ya kifaa kimoja, kando ya mto wa kulalia, saa sita usiku. Kati ya kutamani na kudaiwa hakuna tena hata safari ya ngazi.

Fuliza inastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowakuta watu wakiwa wamezama bila kujua. Mtu ana awamu ya kila siku ya simu au jokofu. Jioni salio halitoshi, naye hataki simu ifungwe, basi anatuma kwa Fuliza. Fuliza nayo ina ada yake. Pesa yoyote inayoingia kesho inakatwa kwanza kulipia Fuliza, kwa hiyo kesho jioni salio halitoshi tena. Ukimwuliza anadaiwa na nani atakutajia duka. Mdai wa pili, yaani Fuliza, anamsahau, ingawa huyo ndiye anayekula kwanza kila siku. Ushauri wetu hapa ni mkali na hatuubadilishi: awamu ya kitu cha dukani isilipwe kwa pesa ya kukopa, hata mara moja. Ukifika hapo, mkopo umekushinda tayari, na kinachofuata ni kuzungumza na muuzaji, si kutafuta mkopeshaji mwingine.

Manunuzi ya mtandaoni yana mitego yake, nayo ni ya kawaida kiasi kwamba nitaipitia haraka. Bei iliyokatwa kwa mstari huenda haijawahi kutozwa na mtu yeyote. Saa inayohesabu kurudi nyuma mara nyingi huanza upya ukifungua ukurasa kesho. "Zimebaki 2 tu" ni maneno ya soko, kama yale ya soko la mitumba la Gikomba ya "hii ni kamera ya kwanza", yaani chaguo la kwanza, isipokuwa Gikomba unaweza kuligeuza shati ukatazama mshono. Ukiambiwa usafirishaji ni bure ukifikisha kiasi fulani, usiongeze vitu viwili usivyovihitaji ili kuokoa nauli ya mwendesha boda boda.

Lililo zito zaidi ni la kutuma pesa kabla ya kuona mzigo. Kwa muuzaji usiyemjua, lipa ukipokea, na fungua mzigo mbele ya aliyeuleta. Akikataa kabisa na kutaka utume kwa namba ya mtu binafsi badala ya namba ya biashara ambayo jina lake linatokea kabla hujathibitisha, mwache. Wako wanaoamini kwamba wakitapeliwa watapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 na pesa zirudi. Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Wewe ulituma kwa namba uliyoikusudia, na tapeli huwa amekwisha kuzitoa.

Sheria inasema nini? Inasema mengi kuliko watu wanavyodhani, ingawa ina mashimo. Sheria ya ununuzi kwa awamu, sura ya 507, ni ya mwaka 1968. Kwa mikataba inayoangukia chini yake, ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hana ruhusa ya kuja kuchukua kitu chake bila kwenda mahakamani. Yaani kwa ile televisheni ya 40,500, ukishafika 27,000 vijana wa kubeba makochi hawana haki ya kugonga mlango wako huko Kayole na kuondoka nayo. Sheria hiyo pia inamtaka muuzaji akutajie bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba. Mwulize. Jinsi atakavyojibu itakuonyesha aina ya duka ulilomo.

Shimo liko hapa: walioandika sheria hiyo walifikiria meza, cherehani na gari. Hawakuweza kufikiria kifaa kinachojifunga chenyewe. Simu ya mkopo haihitaji mtu wa kuja kuichukua. Ukikosa awamu inazimwa kutoka mbali, hata kama umebakiza wiki mbili, na aliyeitegemea kupata wateja anakosa kazi siku hiyohiyo, kwa hiyo anakosa pia pesa ya kuifungulia. Kwa maoni yangu hili linahitaji kanuni yake, angalau siku chache za msamaha kwa aliyelipa sehemu kubwa ya deni. Hadi hapo, kabla hujatia sahihi, uliza simu itafungwa baada ya siku ngapi, na kama kuna njia ya kusimamisha malipo ukiugua.

Kwa upande wa wakopeshaji, Benki Kuu ya Kenya ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali kwa sheria ya mwaka 2021, na kanuni zikatoka Machi 2022. Kanuni hizo zilikataza vitisho, matusi na kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa. Lakini ziliwaacha nje wauzaji ambao mkopo ni sehemu ndogo tu ya biashara yao ya kuuza vitu, na hapo ndipo makampuni mengi ya chukua sasa ulipe baadaye yalipopata pa kusimama. Marekebisho ya sheria za biashara yaliyotiwa sahihi Desemba 2024 yalipanua wigo, na sasa mipango ya aina hiyo inahesabiwa kuwa biashara ya mikopo inayohitaji leseni. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kuitafuta kunachukua muda mfupi kuliko kujaza fomu ya mkopo.

Kuhusu kuaibishwa, usinyamaze. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kutumia majina yaliyo kwenye simu yako ili kukudai kupitia shangazi yako si ujanja wa kazi, ni kosa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi milioni 5 kwa mambo kama hayo. Piga picha jumbe wanazotumiwa watu wako, andika tarehe, peleka malalamiko.

Walioajiriwa wana hatari nyingine: samani na vifaa vinavyokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Wakala anakuja hadi shuleni au ofisini, anasifia kabati, na fomu inatiwa sahihi wakati wa chai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla yapite theluthi mbili ya mshahara, na watu hulichukulia hilo kama ruhusa ya kufika huko. Sivyo. Ukibaki na theluthi moja jijini Nairobi, kodi ya nyumba itaimaliza kabla ya tarehe 5, na kilichobaki cha mwezi utakiishi kwa Fuliza.

Kwa aliyekwisha kuingia, kazi ya kwanza ni karatasi. Andika kila deni, jumla iliyobaki, na kinachotokea ukikosa kulipa. Deni linaloweza kukufungia kifaa cha kazi litangulie. La kochi lisubiri, na umwambie mwenye duka mapema kwamba utachelewa, kabla siku ya kulipa haijapita, maana duka hukubali kupanga upya na mteja aliyejileta kuliko na yule anayezima simu. Omba taarifa ya malipo yako kwa maandishi. Uliza ukilipa yote leo utapunguziwa kiasi gani. Maduka mengine hupunguza, lakini hakuna litakalokuambia bila kuulizwa. Kisha omba ripoti yako kutoka shirika la taarifa za mikopo, CRB kama wengi tunavyoliita. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, na si ajabu kukuta humo deni ulilomaliza zamani likiwa bado limeandikwa kana kwamba hujalipa.

Na kama umelipa yote lakini duka linakataa kukufungulia kifaa, au limekuletea kitu kibovu na halipokei simu, peleka shauri kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Ya Milimani imekuwa wazi tangu mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, jumbe za M-Pesa za kila awamu, na kitambulisho.