"Nishampa Maziwa, Daktari"

Simu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa bawabu wa nyumba moja upande wa Casuarina, hapa Malindi. "Daktari, mbwa anatapika tangu saa tisa. Anatoka povu, miguu inamcheza. Ila usiwe na wasiwasi, nishampa maziwa, pakiti mbili."

Wiki hiyo ilikuwa mara ya nne kuambiwa kwamba mbwa aliyekula sumu kapewa maziwa. Muyeye, Ganda, Mayungu, maneno yaleyale na utulivu uleule, utadhani kazi imekwisha na mimi naarifiwa tu. Mbwa wa Casuarina alifikishwa kwangu saa moja na robo kwa tuktuki, roho imeshatoka. Saa nne zilipita maziwa yakingojewa yafanye kazi.

Basi niliseme hili kwa kirefu, maana naona nalisema kwa mtu mmoja mmoja na haliendi mbali. Katika sumu zinazowaua mbwa wetu hapa Malindi hakuna hata moja inayozimwa na maziwa. Maziwa ni maji, mafuta, protini na sukari. Sumu ina njia yake ya kuua, na isipozibwa njia hiyo mbwa anakufa, awe amekunywa maziwa au hakunywa.

Chukua zile sumu za wadudu za shambani, ambazo wezi huzifungia ndani ya kipande cha nyama wakakitupa juu ya ukuta. Humkamata mbwa kwenye neva. Mwilini mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika inakokwenda; sumu hii hukifunga, na ishara haizimiki tena. Udenda unamwagika, machozi yanatoka, mkojo na choo haviwezi kuzuiliwa, mboni za macho zinasinyaa, misuli inacheza yenyewe. Mwishowe mapafu yanajaa ute na mbwa anazama yuko nchi kavu. Kinachomwokoa ni atropini, sindano juu ya sindano, huku nikimsikiliza kifua mpaka nisikie kimekauka. Maziwa yaliyo tumboni hayafiki huko.

Tena yanaweza kuharibu zaidi. Baadhi ya sumu za wadudu huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mafuta ya maziwa huzisaidia kuingia mwilini. Mbwa wengi wakishakua hawaisagi vizuri sukari ya maziwa, basi mgonjwa anayepoteza maji kwa kutapika unamwongezea na kuhara. Na hilo linaloniuma kuliko yote: mbwa anayetetemeka au aliyelegea hamezi. Mtu anamshika taya, anamwaga maziwa kwa chupa, anaona yameshuka, kumbe yameingia mapafuni. Nimewahi kumtoa mbwa kwenye sumu usiku kucha, nikamrudisha kwao akitikisa mkia, akafa siku ya nne kwa homa ya mapafu. Hakufa kwa sumu. Alikufa kwa maziwa aliyomiminiwa kabla hajafika kwangu.

"Lakini daktari, wa jirani alipewa maziwa akapona." Naamini alipona. Mbwa aliyekula sumu hutapika mwenyewe, na akiwahi kuitapika nyingi huenda akaishi. Wengine walilamba kidogo tu. Wengine hawakula sumu yoyote, walikula vichwa vya samaki vilivyolala juani. Maziwa yalikuwapo, yakapewa sifa.

Lipo kundi jingine, na hili ndilo linaloifanya dhana hii isife: mbwa waliokula sumu ya panya. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani ni za kuzuia damu kuganda. Mbwa akiila haonyeshi kitu siku hiyo, wala kesho yake, kwa sababu damu bado ina akiba ya kuganda. Akiba huisha baada ya siku 2 au 3, wakati mwingine 5. Sasa fikiria: Ijumaa mbwa kala chembe za sumu ya panya jikoni, akapewa maziwa, Jumamosi anabweka kama kawaida. Nyumba nzima imeshaamini. Jumatatu wananiletea mbwa mwenye fizi nyeupe kama karatasi, anahema, kifua kimejaa damu. Wanasema ni ugonjwa mwingine. Mbwa huyohuyo angeletwa Ijumaa akiwa mzima wa afya, ningemtapisha kwa sindano, nikamwanzishia vitamini K ya wiki kadhaa, na asingeugua kabisa.

Kutapisha kuna muda wake, takribani saa 2 tangu mbwa ale. Baada ya hapo sumu nyingi imeshapita tumboni. Saa hizo mbili ndizo zinazoliwa na maziwa: kutafuta duka lililo wazi, kumlazimisha mbwa anywe, kukaa kumtazama. Na kwa kuwa nyumba nyingi za hapa mbwa ni wa ulinzi, analala nje na watu wa ndani hawagusani naye, hata kuonekana kwamba anaumwa huwa kumeshachelewa. Hatuna saa ya kupoteza.

Nafasi moja finyu ya maziwa ipo, nisije nikasema uongo. Mbwa akilamba kitu cha kuunguza mdomo, kama dawa kali ya kusafishia choo, na bado ana fahamu zake na anameza vizuri, daktari anaweza kukwambia umpe maji au maziwa kidogo ya kusuuza na kupunguza ukali. Kidogo, kwa ushauri, na huku mko njiani.

Badala ya maziwa, niletee vitu vitatu: mbwa, matapishi yake ndani ya mfuko wa plastiki, na chupa au pakiti ya kilicholiwa. Pakiti naiomba hata kama imechanika, kwa sababu dawa inayookoa kwa sumu moja inadhuru kwa nyingine. Mfano ni dawa za kupe za ng'ombe. Watu hununua agroveti, hukadiria kwa kifuniko cha chupa, wakamwogeshea mbwa. Kuna aina ambayo humfanya alegee, apoe mwili, moyo uende polepole, atapike. Mtu akinificha chupa nikadhani ni ile sumu ya neva nikampiga atropini, nimemwongezea hatari. Kama dawa ilimwagwa kwenye ngozi, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni kwanza, asiendelee kujilamba.

Njiani mlaze ubavu, kichwa kishuke kidogo ili matapishi yatoke nje. Beba gunia na shuka kuukuu. Dereva wa tuktuki asiyetaka mate ya mbwa kwenye kiti chake ana haki yake. Ukiwa na gunia la kutandika na ukaahidi kuosha, wengi hukubali. Na nipigie kabla hujatoka, ukute sindano iko tayari.

Haya mengine yanayosemwa na kufanywa mbwa akitapika nitayapitia upesi.

Chumvi ya kutapisha: msifanye hivyo kabisa. Vijiko vya chumvi asipovitapika vinapanda kwenye damu, ubongo unanywea, mbwa anaingia degedege. Vivyo hivyo mbwa aliyeshinda ufukweni akinywa maji ya bahari hutapika na kuhara. Mpelekeeni maji baridi ya kunywa mnapokwenda kutembea naye. Na aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kwa njia yoyote, maana yanapopanda ndipo huingia mapafuni.

Makaa ya jikoni yaliyosagwa si ule mkaa wa dawa tunaotumia sisi. Wetu umetengenezwa uwe na vitundu vingi vya kunasa sumu. Wa jikoni unachafua mdomo tu.

Kula nyasi si ishara ya sumu wala si tiba. Mbwa wengi hula nyasi wakiwa wazima, na wachache tu hutapika baadaye.

"Anatapika, basi ana minyoo." Ni kweli mtoto wa mbwa mwenye minyoo mingi anaweza kuitapika ikionekana kama tambi. Ila mtoto wa mbwa wa miezi miwili mitatu anayetapika, amekataa kula, na anahara damu yenye harufu ile nzito, kwanza nawaza parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Dawa ya minyoo haimsaidii. Anahitaji dripu leo, si kesho. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo wa uwanja miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa kwenye uwanja uleule. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Moja peke yake haitoshi, na kuwa mbwa ni wa kienyeji hakumkingi.

"Mnyime chakula na maji mpaka atulie." Nusu ni kweli. Mbwa mzima aliyetapika mara moja mbili na bado mchangamfu, mpumzishe chakula kama saa 12. Maji usimnyime: mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, asigugumie bakuli zima. Akitulia, wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, bila chumvi, bila vitunguu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mtoto wa mbwa usimfungishe kamwe, sukari humshuka upesi. Akitapika hata maji, au kukiwa na damu, au matapishi yamekuwa kama unga wa kahawa, au kalegea, hilo si la nyumbani tena.

Samaki si chakula salama kwa sababu tu ni cha bahari yetu. Wavuvi wakikung'uta nyavu alfajiri huacha bunju, yule samaki anayejivimbisha, mchangani, na mbwa wanaozurura humla. Sumu ya bunju haina dawa ya kuiua. Mbwa hutapika, miguu inalegea, kisha pumzi. Kinachowezekana ni kumsaidia kupumua mpaka imtoke mwilini, na Malindi hilo ni gumu mno. Mfungeni mbwa saa hizo. Akimeza ndoana na mshipi unaning'inia mdomoni, usivute. Kata uache kipande kirefu, umlete.

Ikifika misimu ya maembe napasua matumbo kuliko wakati mwingine wowote. Kokwa la embe hupita kooni likakwama kwenye utumbo. Gunzi la mahindi ya kuchoma nalo ni hivyohivyo, na halionekani vizuri kwenye eksirei. Mbwa huyu hutapika siku tatu nne, watu wakibadilisha dawa za minyoo. Niambieni alikula nini, hata kama mnaona aibu kwamba takataka hazikufunikwa.

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama wale wa Kijerumani wa ulinzi, akijaribu kutapika bila kutoka kitu na tumbo limevimba kama ngoma, tumbo limejipindua. Huyo hana hata saa za kuhesabu. Msimsugue tumbo, msimpe soda. Njooni.

Dawa zetu za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Nimeona mbwa aliyepewa kwa sababu alikuwa akichechemea, akaanza kutapika damu, akaongezewa nyingine ili atulie.

La mwisho linawahusu ninyi kuliko mbwa. Mbwa anatokwa udenda, anakohoa kama anataka kutapika, hamezi, sauti imebadilika. Nyumbani husemwa mfupa umemkwama, na mtu mwenye huruma anatia mkono kooni kuutafuta. Kichaa cha mbwa huanza hivyohivyo mara nyingi. Usitie mkono. Mfungie mahali peke yake, watoto wakae mbali, uniite. Na kama mkono umeshaingia na una mchubuko, au mate yameingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15, mkono kwa sabuni pia, jicho kwa maji matupu, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo, hata mbwa akiwa bado hai, hata kama alichanjwa mwaka juzi. Mimi nipigie ukiwa njiani.